Mfuko Ulioshonwa Mdomo

Shule ilikuwa na mpango na majirani. Mtoto anayekwama kusoma anapewa jirani mmoja wa kumsikiliza nusu saa kila jioni, na jirani anatia alama kwenye kadi. Fundi cherehani alipoitwa kuhusu binti yake, mwalimu alimwuliza kama atamsikiliza mwenyewe. Fundi aliona haya. Yeye aliishia darasa la nne.

"Mwalimu, kazi zimenibana. Mpeni mwenye nafasi."

Wakampa dobi, mama wa nyumba ya pili.

Mwezi haukuisha, nyumba ikawa haina wimbo ila mama dobi kasema hivi, mama dobi kasema vile. Hata chai mtoto alitaka ipozwe kwenye kisahani, kama kwa mama dobi. Fundi alimshukuru Mungu kwa midomo, maana binti sasa alisoma hadi maandishi ya mfuko wa sukari. Moyoni palifuka moshi. Amezaa, amelea, amemzika mume. Leo mwingine aje ale mbivu?

Kadi nayo ilimchoma. Ilijaa alama za dole gumba za wino wa buluu.

"Hata kuandika jina ni tabu? Maringo hayo!" alinung'unika peke yake.

Jumatatu alfajiri, baada ya kusali, aliichukua sare ya binti, akaushona mdomo mfuko wa kadi, kadi ikiwa ndani. Mishono midogo, ya nguvu. Bila kadi hakuna kusikilizwa. Ndiyo sheria ya shule. Akaitundika sare kama hakufanya kitu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni ikapigwa hodi. Dobi alikuwa amemshika mtoto mkono, macho ya mtoto mekundu.

"Fundi, mwanao kaja kwangu analia. Eti mfuko umeota ngozi."

"Watoto wana mambo," fundi akasema, mguu haukutoka kwenye pedali.

"Huu mshono naujua, dada. Nguo unazoshona nazipiga pasi mtaa mzima."

"Basi kama unajua kila kitu, mchukue kabisa!"

Cherehani ikanyamaza. Dobi akacheka kidogo, bila ubaya.

"Nimpeleke wapi, shoga yangu? Mimi hata *a* siijui." Akainua dole lake lenye wino. "Ndiyo maana napiga hili. Akikwama namwambia, rudia. Akirudia, linatoka. Mwalimu alisema hataki msomi, anataka sikio."

Fundi akahisi uso unawaka. Akamgeukia binti yake. "Mbona hukuniambia unataka kunisomea?"

"Nilikuambia, mama. Ukasema subiri nimalize upindo."

Dobi akaaga, akaenda kwenye pasi yake. Fundi akachukua mkasi mdogo, akaufumua mfuko uzi mmoja mmoja, kisha akasogeza kigoda.

"Nisomee."

Mtoto akasoma habari ya mbuzi aliyekula kofia ya polisi. Akakwama. Neno lile fundi alilijua, ulimi ukamwasha. Akalimeza.

"Rudia, mwanangu."

Likatoka. Mtoto akacheka. Fundi akakipima kicheko kile: ndicho anachompa dobi? Bado. Lakini kilikuwa njiani.

Alipopewa kadi akaandika jina lake, kubwa kupita madole yote, ili dobi alione vizuri. Ndipo akakumbuka.

Akapaka dole gumba chaki ya kuchorea vitambaa, akalipiga kando ya jina, ili mwenzake naye apate kusoma.