Jina Hilo Linatumika Tayari

Jumanne ya pili ya Julai, saa kumi na moja na nusu jioni, Telesia Nathanieli alifunga duka lake la steshenari pale Njombe mjini, akanunua mkaa kwa kuwa baridi ilikuwa imepamba moto, akapanda bodaboda hadi nyumbani kwake Yakobi. Mgongoni alibeba laptop chakavu aliyopewa na Hezekia, fundi kompyuta wa Makambako, na daftari ambamo Hezekia alikuwa amemwandikia somo zima la Linux na seva kwa Kiswahili. Telesia alikuwa na miaka arobaini na elimu ya darasa la saba. Alitaka kutengeneza seva ya nyimbo za kwaya ya usharika, ili watu wazipate kwenye simu bila kumsumbua mwalimu wa kwaya kila Jumapili.

Hezekia ni mtu mwema ila ana haraka. Mwenyewe anafanyia kazi ndani ya kontena la bluu karibu na stendi, kwa hiyo alipofika kwenye neno kontena hakuhangaika. Aliandika: Kontena ni chumba kidogo ndani ya seva, lina mambo yake, halijui ya jirani. Halafu akaandika: Kontena huwashwa kutoka kwenye picha. Hapo alikuwa na maana ya faili linalobeba kila kitu ambacho programu inahitaji, lakini mteja alikuwa amesimama mlangoni na simu iliyodumbukia chooni, basi akaandika picha, akaendelea. Jamani, Telesia angejuaje?

Alikuwa na picha moja tu ya maana. Ni ya marehemu baba yake, Nathanieli seremala, amesimama mbele ya nyumba hii hii, randa mkononi, penseli sikioni, Desemba 1998. Aliiskani dukani, akaiingiza kwenye laptop, na jioni ile akafuata daftari mstari kwa mstari. Daftari lilisema kontena lipewe mlango wa kutokea. Aliupa namba 8080, akabonyeza.

"Hodi," alisema baba yake, kwenye mlango wa jikoni.

"Karibu. Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu."

Alikung'uta vumbi la mbao kwenye magoti, akavuta kigoda. Alipitia jikoni kwa sababu mlango wa mbele una kitasa kibovu. Telesia alimmiminia chai, kisha akarudia daftari kuona kama ameruka hatua. Hakuwa ameruka.

"Matokeo yametoka?" aliuliza mzee.

Siku picha ile ilipopigwa, matokeo ya darasa la saba yalikuwa bado. Yalitoka wiki moja baadaye. Mwalimu mkuu aliwasomea wazazi majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na la Telesia halikuwamo. Baba yake hakugomba. Uso tu ulimshuka, na haukupanda tena mpaka Aprili alipokufa kwa homa ya mapafu. Watu walidhani Telesia anailalamikia sekondari. Kilichomkaa rohoni miaka yote ni uso ule.

"Sikuchaguliwa, baba," alisema, maana hakuzoea kumdanganya.

Uso ukashuka vilevile. Alipotaka kulala alizima mashine, na mzee akaondoka na kikombe nusu. Kesho yake jioni aliwasha: hodi, kamwene, chai, matokeo yametoka? Hakukumbuka hata neno. Telesia akapiga simu Makambako.

"Ndivyo yalivyo, dada," alisema Hezekia. "Ukiliondoa kontena, linalofuata linaanza upya, kama picha ilivyo. Yaliyotokea ndani yamekwenda. Mpaka uliunganishe na hifadhi ya nje, na hiyo iko mbele."

"Huyu ni baba."

"Sawa. Hata baba."

Kwa wiki mbili aliwasha kila jioni, kwa sababu kutomwona kulikuwa kubaya zaidi. Jirani yake Lidia alikuja kuomba chumvi, akamwamkia mzee, akasema amekonda kama zamani. Jioni moja Telesia alijaribu kumwambia matokeo bado hayajatoka. Mzee aliridhika, akanywa vikombe vitatu, na Telesia alilala amejichukia.

Somo lililofuata lilihusu majina. Kila kontena lipewe jina, aliandika Hezekia, na majina yasifanane. La baba yake aliliita nathanieli, likapita bila neno. Akawasha la pili kwa mazoezi tu, tupu, akalipa jina lake mwenyewe. Mashine ilikataa, tena kwa Kiswahili safi:

Jina Telesia Nathanieli linatumika tayari. Limetumika tangu Januari 1999. Mtumiaji yupo Makambako, ofisi za halmashauri ya mji, ghorofa ya kwanza, chumba namba sita. Alama za mtihani zilizotumika ni za mwenye jina halisi.

Alisoma mara tatu. Nyuma yake baba yake alikuwa anapuliza chai.

"Matokeo yametoka?"

"Yametoka. Nilichaguliwa, baba."

Mzee aliweka kikombe chini taratibu. Akasimama, akatoka uani, akamwita Lidia juu ya ua amwambie, na Lidia akampa hongera. Akarudi ndani akicheka peke yake. Telesia alimtazama mpaka macho yakamuuma. Alijua kesho yote yatakuwa yamefutika, na akaapa hayatafutika tena.

Ijumaa alikwenda Makambako. Chumba namba sita kilikuwa na kibao mezani, TELESIA NATHANIELI, na nyuma yake mwanamke wa rika lake ambaye alisimama kumpisha kwenye kiti kizuri.

"Wewe ndiye mwenyewe," alisema mwanamke. Hakukana lolote. Aliagiza chai na maandazi, akaeleza kwamba alizaliwa Noela, mpwa wa mwalimu mkuu, na kwamba alikuwa na miaka kumi na tatu mjomba wake alipomwambia kuanzia leo yeye ni Telesia, aitike akiitwa. Akaitika. Jina lilikuwa kwenye vyeti vyake vya shule, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu. Mjomba alishafariki.

"Nikikurudishia, dada, mimi nitabaki nani?"

Telesia alikisoma tena kibao cha mezani. Hasira alikuwa nayo, tena kubwa, lakini alikosa pa kuiweka katika chumba kile kidogo chenye mtu anayelia kwa adabu.

"Baba hajambo?" aliuliza Noela, kisha akajisahihisha. "Mzee Nathanieli. Nimemwandika kwenye kila fomu miaka ishirini na sita."

"Hajambo. Huja jioni."

"Nisalimie."

Kutoka hapo Telesia alikwenda kwenye kontena la bluu. Hezekia alimwonyesha hifadhi: unatenga folda nje, unaiunganisha na kontena, na kinachoandikwa mle kinabaki hata kontena life mara mia. Akamfanyisha kwa mikono yake mara nne, kufuta na kuanza, kufuta na kuanza, maana Hezekia hamwamini mtu anayetazama tu. Kuhusu chumba namba sita alisema jina likishatumika, mashine haina la kufanya.

Jioni ile aliwasha kontena pamoja na hifadhi yake. Alimpa mzee salamu za Noela, akamwambia yeye bintiye kachaguliwa, mzee akafurahi kama mara ya kwanza. Telesia akazima, akaliondoa kontena, akalala kwa shida.

Jumamosi jioni aliwasha tena. Hodi, kamwene, chai. Mzee alikunywa polepole, na hakuuliza matokeo. Alikuwa na uso ule ule wa jana, wa furaha.

"Sasa," alisema, "shule zinafunguliwa lini?"

Telesia alikuwa amejiandaa kwa yote isipokuwa hilo. Alifikiria kumweleza chumba namba sita. Akamtazama.

"Januari, baba."

"Basi muda upo." Alimsimamisha katikati ya jiko, akampima mabega kwa viganja, kisha kiuno hadi magotini, akiandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Mara mbili alirudia kipimo cha kiuno. "Sare nitampa fundi Modesta ashone, ana mkono mzuri. Nitamwambia aache pindo kubwa, maana bado unakua."