Mikono ya Bi Wiegand

Bi Wiegand alikuwa amesuka nyaya za mota kwa mikono miaka thelathini na tisa katika kiwanda cha Haverkorn, Nuremberg. Kampuni ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, mhandisi alimjia na kamera. "Mama, tunataka mikono yako iingie kwenye historia yetu." Naye, kwa kiherehere cha furaha, akamwonyesha kila ujanja wake.

Siku ya sherehe bosi alimpa maua, akamwomba awashe mashine mpya. Akabonyeza, mpigapicha wa sherehe akampiga picha. Mashine ikasuka vilevile kama yeye, kila kidole chake kimo humo, ila kwa kasi ya wanawake ishirini.

"Haya, kesho usije," bosi akasema. "Wala wenzako."

Bi Wiegand akageuka aondoke.

"Wewe mama, subiri!" mpigapicha akafoka. "Umefumba macho. Bonyeza tena, na safari hii ucheke."