Kofia ya Kihisi

Fundi alikuwa amechoka mpaka kope. Tangu boti itoke bandarini alikuwa akijikaza kisabuni, moyo wake ukiwa kwa mama yake mgonjwa, aliyemwacha mikononi mwa wifi yake. Kila jioni alipiga simu, na kila jioni wifi alimjibu, "Mama hajambo. Amekula, amelala." Basi roho ikamtulia, akarudi kazini.

Siku hiyo kipimo cha chumvi ya bahari kilipandishwa kutoka kilindini kwa mara ya mwisho, kikachuruzika maji ndani ya kizimba chake cha chuma. Nahodha, mtu wa kusifu hata chai iliyotiwa chumvi, alikuwa akisoma namba zake kwenye skrini, akitabasamu.

"Bahari imetulia leo. Juu mpaka chini, chumvi ni ileile."

Ileile? Chumvi ya bahari hubadilika kadiri unavyoshuka. Fundi akapiga magoti, akakipapasa kipimo kama mtu anayetafuta funguo gizani: mwili mnene wa chuma, plagi ya waya, pampu, mpira wa maji. Alipofika kwenye kihisi, kile kijidude kinachoonja chumvi ya maji, vidole vikakwama. Kofia nyekundu ya kihisi ilikuwa palepale. Huvishwa nchi kavu, ikiwa na maji kidogo ndani, kihisi kisikauke. Kuivua ilikuwa kazi yake yeye, wala si ya mwingine.

"Tumekizamisha na kofia," akasema. "Kutwa nzima kimepima maji tuliyotoka nayo nyumbani."

"Mbona namba zilikuwa nzuri?"

"Ndiyo ubaya wake. Hazikucheza hata kidogo."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Hajambo, amekula, amelala. Neno kwa neno, kila jioni, naye kwa uchovu wake hakuwahi kuuliza la pili. Akachomoa simu kwa mikono iliyolowa.

"Wifi, nipe mama mwenyewe."

"Amelala, wifi yangu."

"Mwamshe."

Wifi akaanza kulia. "Hawezi hata kuinuka kitandani. Alituapisha tusikwambie. Alisema una kazi nyingi, tusikuongezee mzigo."

"Mwekee simu sikioni."

Kulikuwa na mchakacho wa shuka, kisha sauti nyembamba ikaja. "Mwanangu. Umechoka?"

Miaka yote jibu la swali hilo lilikuwa moja: hapana, mama. Fundi alikaa chini kwenye deki, kofia nyekundu kiganjani.

"Nimechoka, mama. Na wewe?"



"Nimechoka, mwanangu. Njoo."