Piko ya Simba

Isingekuwa ule unyuzi mmoja mweusi kwenye kola ya shati, Hildegarda angeendelea kuamini kwamba mzee wake anakwenda Mikumi kusalimia wastaafu wenzake. Lakini unyuzi ulikuwepo, mrefu kama mkono, na nywele za Hildegarda mwenyewe hazijawahi kufika hata sikioni. Aliuviringisha kidoleni, akaufunga kwenye pindo la khanga, akaanza uchunguzi.

Mumewe, Wenceslaus, alistaafu kiwanda cha katani huku Kilosa, chumba cha brashi, ambako nyuzi za mkonge huchanwa mpaka zinyooke. Alitoka huko na vitu viwili: kikohozi na uongo. Ndiye aliyeapa mbele ya watu kwamba nyoka aliingia kwenye mashine ya mkonge akatokea upande wa pili akiwa mkanda, matundu yameshatobolewa. Mtu wa namna hiyo ukitaka kumuuliza alikuwa wapi, jiulize kwanza kama kweli unataka kujua.

Ushahidi ukazidi. Jumanne alikuta pakiti tatu za piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye mfuko wa suruali. Alhamisi mzee akarudi kutoka Mikumi kichwa cheusi tii, yeye aliyejaa mvi tangu binti yao Regina hajaolewa.

"Baba Regina, kichwa kimefanya nini?"

"Piko iliniruka kazini."

"Kazi gani? Si umestaafu wewe?"

Wenceslaus akavua viatu taratibu, kimoja, halafu kingine. "Kuna binti wa utafiti kule Mikumi, anaitwa Lightness. Kanipa kazi ya kumtengenezea nywele za simba."

Hildegarda alikuwa amesikia mengi ndani ya miaka arobaini na moja ya ndoa. Hili la kumsuka simba lilikuwa jipya.

"Na huyo simba anakaa kwenye kigoda wakati unamsuka?"

"Anasimama," alisema Wenceslaus. "Ni wa turubai."

Kesho yake Hildegarda alimweleza jirani yao Kondo, mzee wa ndevu nyeupe, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Tangu msiba ule, bamia za Kondo zilikuwa zikivuka ua kila Jumatatu, zimefungwa vizuri, na salamu juu yake.

"Shemeji, mimi si mtu wa maneno," alisema Kondo. "Lakini mwanamume wa miaka sitini na sita hapaki piko kwa ajili ya wastaafu." Halafu akabaki pale kwenye ua kidogo, aone kama shemeji atalia.

Shemeji hakulia. Alipanga mkoba: khanga doti mbili, rozari, na sufuria yake ndogo ambayo hakutaka mwanamke mwingine aiguse. Mpango ulikuwa rahisi. Akikuta mwanamke Mikumi, anaunga safari moja kwa moja hadi Kidodi kwa Regina, na Kilosa hataiona tena.

Jumamosi Wenceslaus alipanda basi la kwanza, mkewe akapanda la pili. Katika kijiji cha Ulaya, katikati ya njia, ilikuwa siku ya gulio. Basi liliposimama, Hildegarda aliwapima kwa macho wanawake wote wenye rasta ndefu, mmoja mmoja, hadi muuza vitunguu mmoja akamuuliza kama wanafahamiana.

Mikumi hakupata shida. Aliulizia mzee mwenye kichwa cheusi na ndevu nyeupe, akaonyeshwa nyumba nyuma ya gesti. Alipofika kwenye ua wa mabati akasikia sauti anayoijua.

"Tulia basi. Inua shingo. Ukitulia utapendeza."

Hildegarda alisukuma geti kwa mkoba.

Mumewe alikuwa juu ya kigoda, kitana mkononi, anamchana simba. Simba wa turubai, kajazwa makapi ya katani, macho ya vifuniko vya chupa, na shingoni msitu wa nyuzi nyeusi zinazofika kifuani. Pembeni alisimama mwenzake, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya majani makavu, sikio moja halipo.

"Shikamoo mama," alisema msichana aliyevaa buti.

"Marahaba. Wewe ndiye Lightness?"

"Ndiyo mama. Mzee kanisimulia habari zako."

"Hizo ziache kwanza." Hildegarda akafungua pindo la khanga, akauweka unyuzi wake juu ya shingo ya simba. Ulipotea humo kama uliozaliwa hapo. Akauvuta mwingine, akaunusa. Katani. "Hivi vitu vya nini?"

"Tunachunguza kwa nini simba dume ana manyoya shingoni. Zamani walisema ni ngao ya shingo wakipigana. Lakini kwa joto hili, kuvaa blanketi mchana kutwa ni kazi. Anayeweza kulibeba, tena jeusi, anaonyesha kwamba ana nguvu na anashiba. Basi tunawaweka hawa wawili porini, tunatega kamera. Majike wanamfuata mweusi. Juzi dume mmoja alimzunguka huyu mweusi kwa mbali, akaenda kumng'oa sikio huyu wa manyoya mafupi."

"Mara ya kwanza hawakumwendea yeyote," alisema Wenceslaus bila kugeuka. "Nilimchana akanyooka kama katani ya daraja la kwanza. Wakalala tu wanamshangaa. Miaka thelathini mnyapara ananifokea kwa uzi mmoja uliopinda, leo naambiwa nivuruge."

Hildegarda nusura acheke, akajizuia. Kuna jambo lilikuwa bado halijakaa.

"Mwanangu, hii piko huwa inaruka?"

"Hapana mama. Tunaloweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Na mzee anavaa kofia."

Wenceslaus akaanza kuhesabu meno ya kitana.

"Baba Regina. Hicho kichwa ulimpakia jike gani?"

"Si jike."

"Ila?"

"Dume."

"Dume gani?"

Mzee akakohoa. "La bamia."

Lightness akakumbuka kwamba ana kitu cha kufuata ndani. Hildegarda akautua mkoba chini, kwa mara ya kwanza tangu Kilosa, na sufuria ikalia humo ndani.

"Geuka," alisema. Akamkagua. "Kisogoni umejisahau, mvi tupu. Dume lenyewe likikuona kwa nyuma litakung'oa sikio. Kaa chini. Ndoo iko wapi?"

Jumatatu Wenceslaus alikaa uwanjani tangu asubuhi, kofia kaivua makusudi, kichwa kinang'aa pande zote. Kondo akaja na fungu lake. Hakukaribia ua kama kawaida, alizunguka kwa upande wa mbali, akaziweka bamia juu ya tofali, akasema, "Shemeji, salama?"

Ndevu za Kondo zilikuwa nyeusi tii.

Wenceslaus alizitazama muda mrefu. Halafu akamtazama mkewe, na mkewe alikuwa anazitazama bamia.