Nakala Sitini

Mwaka wa 1998 Nthambi alikuwa akipiga taipu Kajiado mjini, na Kiingereza chake cha barua kilikuwa kimempa jina. Mwenye duka akitaka kumfuta mtu kazi bila kuonekana mbaya, alimkimbilia yeye. Nthambi alimwandikia "has been laid off", yaani ameachishwa kazi, basi. Nani amemwachisha, barua haisemi. Mwombaji wa kiwanja akikataliwa, aliandikiwa "has been turned down", naye akabaki akijiuliza ni nani aliyemkataa. Wateja walitoka pale wakijisikia wasafi kabisa. Hata mchumba wake, Irungu, aliyeuza mbao, Nthambi alimfundisha ujanja huo jioni moja, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Wiki mbili kabla ya harusi yao, mpiga taipu wa ofisi yao ya Kitengela akaugua. Nthambi akatumwa kumshikia nafasi kwa siku moja, wala hakuona haja ya kumwarifu Irungu.

Saa nne asubuhi akaingia mwanamume mmoja na karatasi iliyokunjwa.

"Madam, unitypie hii haraka, copy sitini. Mimi ni Githongo, nimetoka Murang'a juzi tu. Ni mambo ya wedding ya cousin yangu."

Nthambi akatabasamu. Mwenye harusi hufurahia hata ya wenzake. Kisha akaikunjua karatasi, akauona mwandiko ambao kwa miaka mitatu ulikuwa umemwandikia barua za mapenzi.

Harusi ya Irungu na Nthambi "has been called off". Imevunjwa. Zawadi zitarudishwa. Na mstari wa mwisho, "The bride's family has been talked to". Familia ya bibi arusi imeshaongeleshwa.

Imeongeleshwa! Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwacha mama yake, Syokau, sebuleni Kajiado akikata vitambaa vya magauni ya wasimamizi, akiimba.

"Hii familia ya bibi arusi," aliuliza, "nani alienda kuwaongelesha?"

Githongo akajikuna kichwa. "Sijui, madam. Tuliambiwa tu wameongeleshwa."

"Mliambiwa na nani?"

"Si tuliambiwa tu."

Alishindwa hata kulia. Akamchukia Irungu, na kwa mara ya kwanza akajichukia yeye mwenyewe pia. Ni wangapi waliopokea barua zake wakiwa wamepigwa na butwaa hivihivi, wakiuliza nani, nani, na hakuna wa kuwajibu? Na yeye alikuwa akiona fahari!

Akatia karatasi kwenye taipureta. Safari hii aliandika kwa Kiswahili, ili hata nyanya yake Irungu asomewe aelewe. Irungu amevunja harusi. Irungu atarudisha zawadi. Irungu hajaongea na familia ya bibi arusi, hata mtu mmoja.

Akatoa nakala sitini, hakupunguza hata moja.

Githongo akasoma ya juu, akasoma tena. "Madam, sio hivi iliandikwa."

"Najua."

"Sasa mimi nitamwambia Irungu nini?"

Nthambi akamkunjia zile nakala vizuri, akamtilia mkononi.

"Usimwambie imeandikwa. Mwambie Nthambi ndiye ameandika."