Swali la Saba

Aliingia tumboni mwa chungu cha kuyeyushia alumini kwa kutanguliza miguu, kama siku zote, kwa sababu anayetanguliza kichwa hana pa kugeukia. Chungu kilikuwa kirefu kuliko mtu, na upana wake ulimtosha mmoja kuchuchumaa. Kilizimwa jana jioni tu. Kabla hajamaliza kung'oa safu ya kwanza ya matofali ya zamani, kitambaa chenye maji alichojifunga puani kilikuwa kimekauka. Alipiga patasi, akangoja vumbi litue, akapiga tena. Juu, mdomoni mwa chungu, shemeji yake alikuwa akivuta ndoo ya vifusi kwa kamba.

"Mama Tofali, upo?"

"Nipo. Niende wapi?"

Waliulizana hivyo kila baada ya ndoo tano, tangu siku mumewe, kaka wa huyo shemeji, aliponyamaza humo ndani na watu wakadhani anachapa kazi. Kifua ndicho kilichommaliza, miezi minne baadaye. Kazi alikuwa amekwisha kumrithisha mkewe, na kiwanda kikamchukua mke kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kupanga matofali ya moto yakashikana. Miaka kumi na minne alikuwa kibarua. Kila alfajiri alisimama getini kungoja aitwe, na kila alfajiri aliitwa, lakini ilimbidi asimame.

Ndipo mafunzo yakaja. Kiwanda kilikuwa kimeleta vyungu vipya, na msimamizi akatangaza kwamba mwenye cheti ndiye atakayefikiriwa ajira ya kudumu. Kwa siku tatu walikaa katika ukumbi wa kulia chakula, viatu vikiwa na majivu, wakimsikiliza mkufunzi kijana mwenye sauti ya upole. Zamani, alisema, alumini iliyoyeyuka mliichota kwa upawa. Sasa chungu kinafungwa kifuniko, hewa inasukumwa ndani kwa presha, na metali ikikosa pa kwenda inapanda kwenye bomba mpaka kwenye kalibu inayoipa umbo. Ukuta wa ndani wa matofali aliuita bitana, kama ya koti. Bitana mpya imekunywa maji. Isipokaushwa kwa moto mdogo, maji yale yanageuka mvuke, na mvuke uliofungiwa hutafuta mlango wake wenyewe.

Mama Tofali aliyajua hayo bila kuwahi kuyasema. Mumewe alimfundisha kugonga kwa mpini wa nyundo. Tofali lililokauka linalia. Bichi linatoa mlio mzito, kama unamgonga mtu mgongoni.

Siku ya tatu wakapewa mtihani wa maswali kumi. Swali la saba liliuliza bitana mpya ikaushwe kwa muda gani, na nani athibitishe. Aliandika: siku tatu, fundi wa matofali. Alipata kumi kwa kumi. Shemeji alipata nne, na walioiona karatasi yake walisema hata hizo nne ni sadaka. Mama Tofali wakamwita Profesa wiki nzima. Alijifanya kukasirika, lakini cheti alikitundika juu ya kitanda, na asubuhi alikitazama kabla ya kujifunga kanga. Alikuwa na furaha, na aliionea aibu furaha hiyo kwa umri wake.

Wiki tatu baadaye alimaliza kujenga bitana ya chungu cha pili, Jumatatu mchana. Jumanne asubuhi msimamizi alikuja na kadi mkononi.

"Hiki kinaanza kazi leo."

Mama Tofali alimweleza kwamba kimelala usiku mmoja tu, bado kibichi. Akachukua nyundo, akagonga mpini kwenye tofali la ukingoni ili asikie mwenyewe.

"Mimi sikuja kusikiliza ngoma," msimamizi alisema.

"Mkufunzi alisema siku tatu, bosi."

"Mkufunzi kaondoka. Mteja yupo." Hakupandisha sauti. "Majina ya ajira yanapelekwa Ijumaa. Sijui nikuandike au nikuache. Niambie wewe."

Kwenye kadi palikuwa pameandikwa *Bitana imekauka*, na mstari wa sahihi chini yake. Kalamu ilikuwa imeishiwa wino. Alikwaruza mara mbili bila kutoka kitu, na msimamizi akampa nyingine. Baadaye, katika mambo yote ya siku ile, alilokumbuka vizuri zaidi ni hiyo kalamu ya kwanza. Ilimpa muda wa kukataa, naye akaupoteza kwa kungoja ya pili.

Saa nane na robo shemeji alifungua valvu ya hewa. Chungu kilitoa sauti moja tu, kavu. Kifuniko kilipatikana karibu na ukuta wa upande wa pili.

Shemeji hakufa. Watu walimwambia Mama Tofali amshukuru Mungu, naye akamshukuru, kama mtu anavyoitikia salamu.

Kikao kilifanyika ofisini baada ya siku tisa. Mezani walikaa afisa wa usalama, mwandishi na msimamizi. Afisa alikuwa na karatasi ambayo Mama Tofali aliitambua kutoka mlangoni, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Soma swali la saba na jibu lako."

Akasoma.

"Jibu ni sahihi?"

"Sahihi."

"Kwa hiyo ulijua. Na hii kadi umetia sahihi wewe?"

"Nilimwambia msimamizi ni bichi. Yeye ndiye aliyesema kianze."

Afisa alimgeukia msimamizi. Msimamizi hakukasirika hata kidogo. Alisema mama huyu ni mtu mzima, ana uchungu, wamwelewe. Kisha akaomba daftari la mahudhurio, wakalifungua. Jina la msimamizi halikuwamo siku zote tatu.

"Mimi sikuhudhuria mafunzo haya," alisema. "Mambo ya bitana siyajui. Namtegemea mwenye cheti."

Mwandishi aliandika hivyo hivyo. Uamuzi ulisema ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi aliyefunzwa, si wa kiwanda, hivyo matibabu ya majeruhi yalikuwa juu ya jamaa zake. Jamaa zake walikuwa yeye. Afisa akaongeza kwamba kiwanda kina ubinadamu, hakimfukuzi. Angetolewa kwenye vyungu, afagie ukumbi na kupika chai. Asubuhi angeendelea kusimama getini kama kawaida.

Alisema asante. Mdomo ulisema wenyewe.

Shemeji alihamia kwake, kwenye kitanda chini ya cheti. Macho hayakuwa yanaona tena na shingo haikugeuka. Mchana mmoja, Mama Tofali alipokuwa akimbadilishia bandeji, shemeji alimuuliza kwa sauti ileile aliyokuwa akiiteremsha ndani ya chungu.

"Shemeji, ulijua?"

Angeweza kumdanganya. Hakuna ambaye angemsuta.

"Nilijua."

Akamaliza kufunga, akakusanya bandeji chafu kwenye beseni. Alitaka shemeji amtukane. Alilitamani tusi kama mtu anavyotamani maji. Shemeji alimwomba tu amsogeze jua limfikie miguuni, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena kama yupo. Cheti alikitundua asubuhi iliyofuata akakisukuma uvunguni, ingawa pale ukutani hapakuwa na wa kukiona isipokuwa yeye.

Miezi mitano ikapita. Mkufunzi alirudi na kundi jingine, watu kumi na wawili. Mama Tofali aliwapikia chai, akasimama nyuma na tambara mkononi. Masomo yalikuwa yaleyale, bitana ya koti ileile, maswali yaleyale kumi. Safu ya mbele alikaa fundi aliyechukua nafasi yake, mwanamume mwenye mvi ambaye aliwahi kuwapigia udongo yeye na mumewe miaka mingi. Kugonga kwa mpini alikujua tangu mkufunzi hajaota ndevu.

Muda ulipokwisha, mkufunzi alimwomba amsaidie kukusanya karatasi. Alipita meza baada ya meza. Swali la kwanza walikuwa wamejibu, la pili wamejibu, mpaka la sita. La saba lilikuwa jeupe. Kwenye karatasi zote kumi na mbili lilikuwa jeupe. Yule mwenye mvi alimtazama, akaigeuza yake chini juu, akavuta kikombe.

Mkufunzi alizipitia akiwa amesimama. Alionekana ameumia kweli.

"Hili nimelirudia kila siku," alisema. "Jamani, hakuna hata mmoja anayejua?"

Ng'ambo ya ukuta kichomeo kiliwashwa, kikanguruma ndani ya chungu kilichojengwa jana. Ukumbi mzima ulisikia. Mama Tofali akachukua birika, akauliza nani aongezewe chai, na wote kumi na wawili wakasogeza vikombe.