Mwamba wa Mama Mkali

"Nitaandika jina lingine lolote, lakini hilo hapana!"

"Mama, utaratibu unaujua kuliko mimi," mkwe wake alisema, ameegemea meza ya kuchorea. "Mahali pa hatari huitwa kwa chombo kilichozama hapo. Majina yote ya pwani ile umeyaandika wewe."

Ni kweli, mchora ramani alikuwa yeye. Mgeni akiisoma kazi yake angedhani pwani ile ni ya heri tupu: Rasi ya Neema, Ghuba ya Subira, Mlango wa Salama. Yote yalikuwa majina ya meli, na zote zimelala chini ya maji.

Ulibaki mwamba mmoja. Hakuna aliyejua kama upo mpaka mwezi uliopita, ulipoipasua boti ya mwanawe na kumuua. Jina la boti kijana alilipaka mwenyewe ubavuni: Mama Mkali. "Mawimbi yakiliona yatashika adabu," alimtania mama yake, naye akamrushia kitambaa chenye rangi huku akicheka.

"Kwa hiyo niwe mimi niliyemuua? Kila nahodha aseme kijana alifia kwa Mama Mkali?"

"Nani atasema hivyo?"

"Nitaweka alama ya hatari. Inatosha."

"Alama pale zimejaa kama upele, mama. Nani anazikumbuka? Wanakumbuka majina." Mkwe alifuta pua kwa kiganja. "Kaka yangu anapita huko wiki ijayo. Mume nimemlilia bila hata mwili wa kuzika. Usiniongezee na huyo."

Mpiga chapa aligonga mlango, akauliza kama ramani iko tayari. Mkwe alimwambia angoje nje.

Mama aliikodolea macho nafasi nyeupe kando ya kidoti cha ule mwamba. Maisha yote alimfokea yule mtoto: usiende mbali, rudi mapema, vaa jaketi lako. Naye alikuwa akiitikia "sawa, mama" na kwenda zake. Labda watoto wa wenzake wangemsikia.

"Sogea, unanizibia mwanga."

Alichovya kalamu kwenye wino mwekundu. Akaliandika jina lote, kubwa kuliko Neema, kubwa kuliko Salama, hata nahodha mwenye macho mabovu asilikose. Machozi yalipotaka kudondoka aligeuza uso pembeni, yasiharibu wino.

"Haya," alisema. "Mwambie aingie aichukue."